Paukwa kwa Watu Wazima

Msimulizi wa Kiswahili haanzi hadithi yake mpaka apewe ruhusa. Huita "Paukwa!" akaitikiwa "Pakawa!", au husema "Hadithi! Hadithi!" na waliokaa wakamjibu: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Mwitikio huu umezoeleka mno masikioni, hata ni wachache wanaouzingatia. Ndani yake uongo umeitwa kwa jina lake, ukakaribishwa na kupewa mkeka. Hakuna aliyedanganywa, kwa kuwa hakuna aliyefichwa kitu. Baada ya hapo ndipo sungura husema, jini hujenga kasri kwa usiku mmoja, na yatima akamuoa binti sultani.

Siku hizi mwitikio huo umeachiwa watoto. Mtu mzima akikiri kwamba anapenda ngano huonekana kama aliyerudi utotoni, na neno "hadithi" lenyewe limekuwa la kudharauliana. "Hizo ni hadithi tu," husemwa, yaani ni maneno yasiyostahili kushughulikiwa na wenye akili zao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dharau hiyo ni ngeni kwetu, na kwamba ina hasara. Mfano utachukuliwa ng'ambo ya pili ya mkondo wa Zanzibar, katika Mrima wa Bagamoyo na bara yake, mpaka Chalinze, pale barabara itokayo Dar es Salaam inapogawanyika, moja ikielekea Morogoro na nyengine ikipanda kaskazini kwenda Tanga na Arusha. Hiyo ni nchi ya Wakwere, Wadoe, Wazaramo na Wazigua, nchi iliyopitiwa na misafara mingi katika karne ya 19. Historia yake inaonyesha kazi ya mambo ya kujifanya katika maisha ya watu wazima, na inaonyesha pia yanayotokea pale mambo hayo yanapokosa mahali pake.

Tuanze na kitu kinachoshikika. Katika mila za Wakwere na Wazaramo, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali. Huko ndani alipewa mwanahiti, sanamu ndogo ya mti isiyo mikono wala miguu, yenye kiwiliwili kilichonyooka, matiti na kitovu, na kichwa chenye nywele zilizochongwa kwa kuinuliwa juu. Mwali aliiogesha sanamu hiyo, akaipaka mafuta na kuitunza kama mwanawe. Leo nyingi katika sanamu hizo zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, zinatazamwa kwa uzuri wa uchongaji wake, na wanaozitazama hawana la kufanya nazo ila kuzitazama.

Yafaa kuzingatia wakati ambapo mwanahiti alitolewa. Mtoto mdogo hujitengenezea mwanasesere wake mwenyewe kwa gunzi la hindi au kitambaa kikuukuu, wala haombi idhini ya mtu. Mwali alipewa wake siku alipokuwa akiuaga utoto, na waliompa walikuwa bibi na makungwi, wanawake waliozaa, waliolea, na wengine waliozika. Hawa walijua vyema kwamba mti ni mti. Hata hivyo walidai sanamu itunzwe kwa heshima, kwa sababu kilichokuwa kikitunzwa kilikuwa kikubwa kuliko mti: ni uzazi, na ni ukoo, ambao kwa watu hawa hufuata upande wa mama. Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini aliyekaa na Wazaramo katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu juu ya mila na alama zao mwaka 1970, ameeleza kwa urefu jinsi mambo ya mwali yanavyofungamana na mpango mzima wa maisha ya Wazaramo. Waama, malezi ya mwana hayafundishiki kwa maneno matupu. Mikono ya mwali ilijifunza kwanza kwa mtoto asiyelia, asiyeugua wala kufa, ili siku atakapompakata mtoto wa kweli mikono hiyo isiwe migeni. Watu wazima wa nchi hiyo walikuwa wamegundua kwamba njia ya kuingilia utu uzima hupita ndani ya mchezo.

Mfano wa pili hauwahusu wanawali bali wazee wenye mvi, na mahali pake ni msibani. Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa mwisho wa njia ya pembe za ndovu. Wapagazi kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi, walishuka kila mwaka wakiwa na mizigo mabegani, wakakaa mjini wakingoja kurudi bara, na safari yao iliwapitisha katika nchi za Wakwere na Wazaramo. Watu wageni kwa wageni, wenye silaha, njaa na uchovu, walilazimika kupita katika mashamba ya watu wengine na kunywa maji ya visima vyao. Wengi huuhusisha utani uliopo baina ya Wanyamwezi na watu wa Mrima na misafara hiyo. Palipoweza kuwa na vita, pakawekwa mzaha.

Utani nao una kanuni zake. Mtani akija msibani huweza kulala njiani asilipishe jeneza, akadai deni ambalo marehemu hakukopa kamwe. Huweza kuuiga mwendo wa marehemu, kikohozi chake, hata ubahili wake, mbele ya mjane na watoto. Wafiwa hucheka ilhali machozi hayajakauka, na mtani hupewa kitu kidogo akaondoka njiani. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Kila aliyepo anajua kwamba deni hilo si deni, na kwamba yule anayekohoa si marehemu. Lakini kwa kitambo kidogo marehemu ametembea tena uani kwake, na waliokuwa wamekaa kimya wamepata njia ya kumtaja. Wenye huzuni hiyo si watoto, na mchezo huo umetungwa na watu wazima kwa ajili ya watu wazima.

Wa kwanza kuziandika mila za Mrima kwa kirefu katika Kiswahili alikuwa mwenyeji wa huko huko. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na kwa kiasi kikubwa ni kalamu yake iliyotoa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Humo mna habari za ngoma, za pepo, za unyago na za mazishi. Mtoro hakuyaandika hayo kama michezo ya watoto. Aliyaweka bega kwa bega na habari za biashara, ndoa na hukumu, kwa sababu ndivyo yalivyokaa katika maisha ya watu wake.

Hali kadhalika ngano. Askofu Edward Steere alipochapisha mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili mjini London mwaka 1870, alikuwa amezipata kwa watu wazima wa Unguja. Velten naye akatoa mkusanyo wake mwaka 1898. Msomaji wa leo akizifungua hadithi hizo atakutana na usultani na dhuluma, na wivu wa wake wenza. Atamkuta paa aliyemtajirisha maskini, kisha akaugua na kufa kwa kunyimwa hisani na yule yule aliyemtajirisha. Hayo ni mambo ya watu waliokwisha kudhulumiwa na waliokwisha kudhulumu. Mtoto huyafurahia kwa sababu ya paa anayesema. Mzee huyanyamazia kwa sababu ya utovu wa shukurani ambao labda anaujua nyumbani kwake.

Ni skuli iliyoihamisha hadithi kutoka barazani na kuipeleka dawatini. Ukoloni ulipohitaji vitabu vya kusomesha, ngano zilikuwa tayari, nazo zikakatwa vipande vifupi na kutiwa maswali mwishoni. Jambo hilo lilikuwa na faida yake, maana maelfu walijifunza kusoma kwa njia hiyo. Lakini kizazi baada ya kizazi kilijifunza pia kwamba hadithi ni kitu cha darasa la chini, ambacho mtu hukiacha pamoja na kaptula yake. Aliyepanda darasa alipewa habari, takwimu na sheria. Ikadhaniwa kwamba haja ya ngano imekwisha, kama vile haja ya kubebwa inavyokwisha mtoto anapotembea.

Haja hiyo haikwisha. Ilikosa mahali pa kukaa, ikatafuta pengine. Hapa ndipo penye uzito wa makala haya, na mfano wake wa zamani unatoka katika nchi hiyo hiyo ya Chalinze. Richard Burton, aliyeanza safari yake ya bara kutoka Kaole mwaka 1857, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 masimulizi aliyoyasikia juu ya Wadoe: kwamba walipokuwa karibu kushindwa na Wakamba vitani, waliwasha moto na kula nyama ya watu mbele ya macho ya adui, na adui kwa kitisho akakimbia. Mwenye kuyasikiliza masimulizi hayo kwa sikio la barazani atayatambua mara moja. Ni kisa cha hila ya vita, cha wachache waliopungukiwa na mikuki wakaokolewa na hofu waliyoitia katika nyoyo za adui zao. Kila taifa lina kisa cha namna hiyo. Lakini kilipotoka kinywani mwa wasimulizi na kuingia kitabuni kama habari, kilipoteza "paukwa" yake. Kikawa ni sifa ya watu wazima na watoto wao, waliokuwapo na wasiokuwapo, na jina la Wadoe likabebeshwa mzigo huo kwa vizazi. Ni utani uliokuja kukirudishia mlango wake, pale watani wanapokitaja kwa mzaha na Mdoe akajibu kwa mzaha mkali zaidi, wote wakijua wanachokifanya.

Mfano mwengine ni mumiani. Katika pwani yote ya Afrika Mashariki palikuwa na uvumi kwamba kuna watu wanaowakamata wenzao usiku na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa, na kwamba serikali au wazimamoto wanahusika. Uvumi huo haukuwa bila maana. Walioishi chini ya utawala usiowauliza kitu, unaochukua kodi na nguvu zao, walikuwa na sababu ya kusema kwamba wananyonywa damu. Kama neno hilo lingesemwa barazani usiku, kwa "Hadithi njoo, uongo njoo", lingekuwa ngano kali kuliko zote za wakati ule. Lilisemwa mchana, njiani, bila mwenyewe wala mwisho. Mwaka 1959 huko Buguruni, Dar es Salaam, uvumi huo ulizusha ghasia, na askari mmoja wa polisi akauawa.

Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kuvuka bahari kuutafuta mfano wa tatu. Mwaka 1995 popobawa alianza kutajwa Pemba, kisha Unguja, na usiku watu wazima, mabwana na mabibi, walikesha nje ya nyumba zao makundi kwa makundi kwa kuogopa kulala ndani. Ilidaiwa kwamba anayekanusha kuwapo kwake ndiye atakayejiwa. Katika siku hizo mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, mgeni kutoka bara, alidhaniwa kuwa ndiye, akauawa na kundi la watu.

Mambo haya matatu yakiwekwa kando ya ngano za barazani, tofauti hujitokeza yenyewe. Hadithi ina mlango wa kuingilia, na msikilizaji huufungua kwa kinywa chake anapoitika. Uvumi humwingilia mtu bila hodi. Hadithi ina mwisho, na baada yake watu hujinyoosha, wakazima taa na kwenda kulala. Uvumi hauna pa kuishia. Hadithi haimtaki mtu aiamini, bali huomba akae nayo kwa muda. Uvumi humtisha asiyeuamini. Na zaidi ya hayo, hadithi ina mwenyewe. Katika desturi ya zamani msimulizi alimaliza kwa kusema kwamba hadithi yake ikiwa njema ni ya wote, na ikiwa mbaya ni yake peke yake. Kauli hiyo ni ya mtu anayekubali kubeba dhamana ya neno lake. Uvumi kila mtu ameusikia kwa mwengine.

Ndiyo kusema kwamba mtu mzima aliyelelewa barazani, na aliyeendelea kukaa huko, amepata mazoezi ambayo skuli haimpi. Ameingia mara elfu katika nchi ya majini na mara elfu ametoka, na anaujua mlango kwa giza. Hofu ikimjia imevaa ngozi ya mnyama, hukumbuka kwamba amewahi kumwona mnyama huyo na anaijua nchi anakotoka. Asiyepata mazoezi hayo, akikutana na ngano iliyovaa nguo za habari, hana kipimo. Hudhani ni lazima aikubali yote au aikatae yote, na kwa kuwa hofu ina nguvu, huikubali.

Wapo watakaopinga kwa hoja ya ukweli. Watasema uongo ni uongo, na mtu mzima hapaswi kuutengea nafasi, iwe kwa sababu ya dini au ya elimu. Hoja hii haifai kupuuzwa, maana ukweli ni amana. Lakini uovu wa uongo umo katika kuficha. Mwenye kusema uongo hutaka msikilizaji asijue. Msimulizi hutaka ajue, na humtamkisha kwamba anajua. Wanazuoni wengi wa pwani, waliokuwa wakali juu ya kauli za uongo, waliwatungia watu wao tenzi zenye mambo ya ajabu, na hapakuwa na aliyechanganyikiwa. Wengine watasema kwamba ngano humkimbiza mtu asiyatazame mambo ya dunia. Historia ya fasihi yetu inashuhudia kinyume chake. Mwaka 1951, katika Tanganyika ya kikoloni, Shaaban Robert wa Tanga, karani wa serikali hiyo hiyo, alichapisha kitabu cha Kusadikika, habari za nchi iliyo angani. Humo kijana Karama anashitakiwa kwa kosa la kufundisha sheria, na utetezi wake mbele ya mfalme ni kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa pande zote za ulimwengu, wakarudi na mema, wakalipwa gereza. Mwishoni Karama anaachiliwa. Kama Shahrazad wa Alfu Lela Ulela, ameiokoa roho yake kwa kusimulia, na waliosikiliza hawakuwa watoto bali mfalme na baraza lake. Aliyetaka kusema juu ya dhuluma katika mwaka ule aliipata nafasi hewani, katika nchi isiyokuwako, na kila msomaji mzima alijua ni nchi gani.

Chalinze pia imewahi kuona jambo hilo likifanywa kwa makusudi. Katika miaka ya 1980 wasanii na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda katika vijiji kadhaa kufanya kazi iliyoitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo, na Msoga, kijiji cha jirani na Chalinze, kilikuwa kimojawapo. Penina Mlama, mtunzi wa tamthilia na mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, ameisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1991. Wanakijiji hawakuletewa mchezo uliotungwa mjini. Waliulizwa matatizo yao, kisha wakayatunga wenyewe kwa ngoma, hadithi na maigizo waliyoyazoea, wakayaonyesha mbele ya wenzao, wakakaa kuyajadili. Siri ya njia hii ni ile ile ya mtani msibani. Neno ambalo mtu hawezi kumwambia mkubwa wake uso kwa uso, huweza kulisema akiwa amevaa sura ya mwengine, na mkubwa huweza kulisikia bila kuvunjiwa heshima, kwa kuwa wote wamekwisha kubali kwamba huu ni mchezo.

Bagamoyo yenyewe ililipa jambo hili nyumba. Chuo cha Sanaa kilianzishwa huko mwaka 1981, na tamasha lake lilianza mwaka uliofuata. Ukumbi wake uliungua moto mwaka 2002 ukajengwa upya, na mwaka 2007 chuo kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Watu wazima husafiri kwenda huko kukaa gizani na kuwatazama watu wazima wengine wakijifanya wafalme, wazimu na wanyama. Taa zinapowaka hupiga makofi, ambayo ni "pakawa" ya mwisho, wakatoka nje na kuikuta bahari pale walipoiacha.

Lakini kumbi ni chache, na baraza nyingi zimenyamaza. Uvumi nao umepata njia ya haraka kuliko misafara yote iliyowahi kupita Chalinze, kwani sasa hutembea kwa simu, kutoka kiganja hadi kiganja, bila jina la aliyeutunga. Watu wengi wameufikiria ubaya huu na kutaka sheria zaidi, na elimu zaidi ya habari. Huenda hayo yote yanahitajika. Ila wazee wa Mrima walikuwa na dawa moja ya bei ndogo, ambayo ni kukaa pamoja usiku, watu wazima na wadogo, na kuukaribisha uongo kwa jina lake ili uzoeleke sura. Nyumba ambamo mzee bado huita "Paukwa!", na wakubwa wenzake wakaitika bila haya, ina watu watakaojua kuuliza, habari ya kutisha itakapofika usiku kwa simu: nani aliyeisema, na iwapo ni mbaya, ni ya nani?